UZI: Imani, subira na kuelewa: namna ya kuishi na dayalisisi ya miaka bila kudanganyana

#1 Mchunga_Nafsi

Wakuu, nawasalimu.

Mada ya imani kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa kazi, huzungumzwa kwa namna mbili, na zote mbili zinamuumiza mgonjwa. Kuna wanaomwambia "vumilia, Mungu yupo" kisha wakashika njia. Na kuna wanaohangaika na presha, potasiamu na sindano tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, huku swali la "kwa nini mimi, na mpaka lini" likibaki halina mwenyewe. Naomba uzi huu tuujenge tukivishika vyote viwili.

Nianze na hesabu. Wiki ina saa 168, na figo nzima hufanya kazi saa zote hizo. Anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, anapata saa 12. Saa 156 zilizobaki anazibeba mwenyewe kwa chakula, maji, dawa na moyo. Kwa hiyo subira ya dayalisisi si kunyamaza na kungoja. Ni kujua kinachoendelea mwilini katika saa hizo 156, na kukishughulikia leo, kesho na keshokutwa, hata pasipo kuona mwisho. Asiyeelewa huona kila misuli inapokaza kwamba ni adhabu. Anayeelewa anajua maji yametolewa kwa kasi kuliko mwili ulivyoweza kuhimili, anamwambia muuguzi, na roho yake inabaki na nafasi ya kumwomba Mungu mambo mengine.

Kuishi miaka kwa mashine ni jambo jipya kuliko wengi wanavyodhani. Willem Kolff alimwokoa mgonjwa wake wa kwanza kwa mashine huko Uholanzi mwaka 1945, lakini kila kikao kiliharibu mshipa wa damu, kwa hiyo mashine iliwafaa tu wale ambao figo zao zingeamka baada ya muda mfupi. Mwaka 1960, mjini Seattle, Belding Scribner akatumia mrija wa Teflon unaobaki mkononi, na mgonjwa wake Clyde Shields akaishi miaka 11 zaidi. Mashine zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya watu saba, mmoja wao mchungaji, iamue nani apewe nafasi. Hata ushiriki wa mtu katika kanisa lake uliwekwa kwenye mizani. Nalitaja hili makusudi: tusirudie kuifanya imani kuwa mtihani wa nani anastahili kuishi. Mgonjwa aliyemkasirikia Mungu anastahili kiti chake sawa na anayeimba.

Na hasira hiyo tuisikilize. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alitofautisha namna mbili ambazo watu huitumia dini wakati wa shida. Moja ni kuegemea: kumtafuta Mungu awe mwenzi, kuomba nguvu, kutafuta maana. Ya pili ni kushindana: kuona nimeachwa, naadhibiwa, hata waumini wenzangu wamenitupa. Kipimo chake kifupi kina maswali 14, saba kila upande. Mtu mmoja anaweza kuwa na namna zote mbili siku hiyo hiyo. Ile ya pili ndiyo huandamana na sonona (ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa), na haiondoki kwa kumkemea mtu. Unaposikia "nilifanya nini mpaka nikapata haya", usijibu haraka. Muulize anadhani alifanya nini. Mara nyingi kuna jambo mahususi analolibeba, na jibu la jumla halilifikii.

Ombi moja: asije mtu hapa kuuza dawa za kuotesha figo.

---

#2 Fundi_wa_Chujio

Asante kwa uzi, mkuu. Nachangia upande wa mashine, kwa sababu mengi yanayoitwa "majaribu" kwenye kiti yana sababu inayohesabika.

Chukua mtu mwenye uzito mkavu wa kilo 60. Uzito mkavu ni ule anaobaki nao baada ya maji ya ziada kutolewa, presha ikiwa imetulia na miguu haijavimba. Kati ya kikao na kikao, lengo zuri ni asiongeze zaidi ya asilimia 4 au 4.5 ya uzito huo. Kwake yeye asilimia 4 ni kilo 2.4, yaani lita 2.4. Zikitolewa kwa saa 4 ni mililita 600 kwa saa, sawa na mililita 10 kwa kila kilo kwa saa. Mwili unahimili.

Sasa akija na kilo 4.2 juu, mashine ikilazimishwa kwa saa zile zile 4 itatoa mililita 1,050 kwa saa, yaani 17.5 kwa kilo. Kikomo kinachotumika sana ni 13. Ukivuka hapo, maji yanatoka kwenye mishipa kwa kasi kuliko yanavyorudi kutoka kwenye tishu, presha inaporomoka, misuli ya miguu inakaza, na moyo unaumia kidogo kidogo kila kikao. Kwa mtu huyu kikomo ni mililita 780 kwa saa, kwa hiyo kilo 4.2 zinahitaji kama saa 5 na nusu, au kikao cha nyongeza. Kumwambia "jikaze, omba" huku mashine ikivuta 17.5 si haki.

Mambo matatu ya ibada yanayogusa usalama wa kiti, ambayo sioni yakiandikwa:

Kwanza, kufunika mkono. Shuka, mtandio au kanga ya kujitandia wakati wa sala ni sawa, ila mahali sindano zilipoingia pabaki wazi na paonekane na muuguzi muda wote. Damu inazunguka kwa mililita 300 hadi 400 kwa dakika. Sindano ya kurudishia damu mwilini ikichomoka chini ya nguo, mtu anapoteza damu nyingi ndani ya dakika chache, na king'ora cha mgandamizo hakilii kila mara, maana sindano iliyoziba kwenye nguo huweza kuhifadhi mgandamizo wa kutosha kuidanganya mashine.

Pili, kufumba macho. Presha hushuka zaidi kuanzia saa ya tatu. Dalili za mwanzo ni kupiga miayo, kichefuchefu, jasho jembamba, kusikia kwa mbali. Aliyezama kwenye dua na anayezimia kwa mbali wanafanana. Kubalianeni mapema na muuguzi: kila presha inapopimwa, kwa kawaida kila nusu saa, mgonjwa aitwe na ajibu kwa neno, hata kama yuko katikati ya rozari au uradi.

Tatu, kuinuka. Baada ya kikao usisujudu na kuinuka ghafla, wala kupiga magoti kwa muda mrefu. Kaa ukingoni mwa kiti dakika kadhaa, pima presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Ikishuka au ukiona kizunguzungu, sali umekaa.

---

#3 Binti_Uradi

Shukrani Fundi. Naomba ufafanuzi kwa sisi tunaouguza. Tasbihi mkononi, mafuta ya upako, maji yaliyosomewa au kuombewa: vipi vinaruhusiwa kwa mwenye fistula ya mkononi na kwa mwenye mpira wa shingoni, ule mrija wa kupitishia damu? Na je, mtu akiwa kwenye mashine anaweza kuinua mikono?

---

#4 Fundi_wa_Chujio

Swali zuri sana.

Fistula ni mshipa wa kupeleka damu ulioungwa na wa kurudisha, ili huo wa kurudisha unenepe na uhimili sindano. Chochote kinachoubana mkono huo kinaweza kugandisha damu. Kwa hiyo tasbihi, rozari, bangili na saa vyote vihamie mkono wa pili, hata vikiwa vimelegea, maana mtu akilala navyo vinajikunja. Mkono huo pia hautumiki kupima presha, kutolea damu, kubebea mzigo wala kuegemea kichwa usingizini. Mwenye kusujudu asiuelemee wala asiukunje kwa muda mrefu kwenye kiwiko.

Kuna tabia moja ninayoipenda: kuipapasa fistula asubuhi kabla ya sala ya kwanza. Unaweka vidole vitatu juu ya kovu, bila kubonyeza. Unapaswa kusikia mtetemo usiokatika chini ya vidole, unaoendelea hata kati ya pigo na pigo. Ukiweka sikio, unasikia mvumo. Kama kimebaki kidundo tu bila mtetemo, au hakuna kitu, usingoje siku ya kikao. Nenda siku hiyo hiyo. Damu iliyoganda ikiwahiwa, mara nyingi mshipa unaokolewa. Ikichelewa, unaanza upya na mpira wa shingoni. Ukiifungamanisha na sala ambayo huikosi, na papasio hulikosi.

Mafuta ya upako yawekwe kwenye paji la uso au mkono usio na fistula. Yasiguse fistula siku ya kikao, kwa sababu mafuta huzuia dawa ya kusafishia ngozi kufanya kazi na plasta haishiki. Kwa mwenye mpira wa shingoni au kifuani, hakuna mafuta, majivu wala maji karibu na bandeji, kabisa. Mpira huo unaishia mlangoni mwa moyo. Homa ya nyuzi 38 au kutetemeka kwa baridi, hasa dakika chache baada ya mashine kuanza, ichukuliwe kuwa ni maambukizi ya damu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kuinua mikono: ule usio na sindano tu. Sindano zikishatoka, bonyeza kwa kidole dakika 10 hadi 15, maana kuna dawa ya kuzuia damu kuganda mwilini. Usibonyeze kwa nguvu hadi mtetemo ukapotea.

Maji namwachia Lishe.

---

#5 Lishe_Kamili

Maji ya dua ni maji. Yanaingia kwenye hesabu ya siku kama mengine, na hilo halipunguzi heshima yake. Vijiko viwili vya chakula ni mililita 30. Mtu anywe kiasi hicho kwa imani yake, hakuna aliyewahi kudai baraka inapimwa kwa chupa nzima.

Hesabu ya jumla: kiasi cha mkojo wa saa 24 kijumlishwe na kama mililita 500. Asiyekojoa kabisa mara nyingi hupewa kati ya mililita 750 na lita 1, uji, supu, barafu na matunda ya maji maji vikiwemo. Kipimo chako kamili anacho daktari wako.

Lakini wakuu, wagonjwa wengi wanalaumiwa kwa kukosa uvumilivu wa kiu wakati kosa liko kwenye chumvi. Kila gramu 8 hivi za chumvi huung'ang'aniza mwili ubaki na lita 1 ya maji, na ubongo hautakuacha mpaka uyanywe. Hakuna nia inayoshinda hilo. Lengo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai cha kufuta, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, viungo vya pakiti, nyama za kopo na vitafunwa. Punguza chumvi wiki mbili, kiu yenyewe inapungua. Kwa mwenye kisukari, sukari ikipanda nayo inaleta kiu, kwa hiyo idhibitiwe kwanza.

Namna za kukaa na kiu: pima maji ya siku nzima asubuhi uyaweke kwenye chupa moja, kila unachokunywa kitoke humo. Tumia kikombe kidogo. Meza dawa wakati wa chakula ili usinywe mara mbili. Sukutua na uteme. Kwa anayetawadha, kusukutua kwa udhu kunasaidia kweli kinywa kikavu, ilimradi asimeze.

Onyo kubwa: "chumvi ya wenye presha" inayouzwa badala ya chumvi ya kawaida mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Kwa figo zilizokufa hiyo ni hatari ya moyo kusimama. Vilevile tunda la nyota, lile lenye pembe tano likikatwa: lina sumu ambayo figo nzima huitoa, lakini kwa mgonjwa wa dayalisisi huleta kwikwi isiyoisha, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo.

---

#6 Ustadhi_Mdogo

Assalamu alaykum wote, na salamu kwa wasio Waislamu pia.

Kuhusu funga, maana kila mwaka wagonjwa wanajiumiza kwa aibu. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Sura ya Pili, aya ya 184 na 185. Si upungufu wa imani kuichukua. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyokula. Ama kikao chenyewe, wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema kinafunguza, kwa sababu maji ya kusafishia yana sukari na madini yanayopita kuingia kwenye damu, na wapo waliosema hakifunguzi. Anayetumia dayalisisi ya tumboni ana maji ya sukari tumboni karibu mchana kutwa, kwa hiyo kwake jambo ni zito zaidi.

Anayetaka kufunga siku zisizo za mashine asianzie kwa sheikh. Aanzie kwa daktari, wiki kadhaa kabla ya mwezi wa Ramadhani, akiwa na vipimo vya potasiamu na kumbukumbu ya uzito. Daktari akisema hapana, hukumu imekwishapatikana, kwani kuidhuru nafsi kumekatazwa.

Sala: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, asali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kwenye kiti cha mashine unarukuu na kusujudu kwa ishara ya kichwa, ya sujudu ikiwa chini zaidi. Kama kiti hakielekei kibla na hakigeuziki, unasali ulivyo. Kikao kikimeza wakati wote wa Adhuhuri na kuingia Alasiri, madhehebu ya Hanbali na Maliki yana nafasi ya mgonjwa kukusanya sala mbili, na rahisi zaidi ni kuomba zamu ambayo haibani. Bandeji ya mpira haivuliwi kwa ajili ya udhu. Kwa kuwa bandeji hiyo haitakiwi kuguswa na maji, kuna tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi. Damu iliyomo kwenye mirija isikutie wasiwasi, hiyo ni dharura.

---

#7 Lishe_Kamili

Naongeza kwa Ustadhi. Kinachoharibu zaidi kwa wanaofunga ni jioni. Lita moja na nusu ndani ya saa mbili, na tende juu yake. Tende tatu kubwa zina kama miligramu 500 za potasiamu, wakati wagonjwa wengi hupangiwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa siku nzima. Tende moja inatosha kufungulia.

Dawa za kufunga fosforasi, yaani za kuyanasa madini hayo ya kwenye chakula yasiingie kwenye damu, hufanya kazi zikikutana na chakula tumboni, si kabla wala saa moja baadaye. Ukiwa na milo miwili badala ya mitatu, mwulize daktari dozi igawanywe vipi. Ukizimeza bila chakula ni kama hukuzimeza, fosforasi itapanda na ngozi itawasha.

Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba figo ndizo zilizokuwa zikiiondoa sehemu ya insulini mwilini. Zikifa, dozi ile ile hukaa muda mrefu zaidi. Kufunga ukiwa na dozi ya zamani ni kujitafutia kushuka kwa sukari alasiri.

---

#8 Mchunga_Nafsi

Kwa Wakristo, sheria ya mfungo ya Kanisa Katoliki inamhusu mwenye afya wa miaka 18 hadi 59. Mgonjwa hahusiki, na anaweza kuchagua sadaka nyingine. Kupunguza chumvi kwa ajili ya mwili aliopewa ni mfungo wa kutosha. Na Mpako wa Wagonjwa si wa kufia. Unaweza kurudiwa hali inapobadilika.

---

#9 Kaka_Mizani

Samahanini wakuu, nitasema kinyume. Mnaipamba imani, ila tunaona watu wanaombewa, wanaambiwa wamepona, wanaacha mashine, wiki mbili wamekwenda. Kwa nini tusiseme wazi kwamba chumba cha dayalisisi si mahali pa dini?

---

#10 Nefro_Tulivu

Kaka_Mizani, hofu yako ina msingi, ila ukiifukuza dini chumbani, mgonjwa ataacha mashine bila kukuambia. Afadhali ajue namna ya kupima.

Kwanza kwa nini anadanganyika. Kila kikao huacha uchovu. Anayeruka kikao kimoja siku ya kwanza na ya pili anaweza kujisikia mwepesi kuliko kawaida, kwa kuwa uchovu huo haupo. Anasema "nimepona". Potasiamu na maji vinajikusanya bila kelele, na potasiamu haina adabu ya kubisha hodi: miguu kulegea, moyo kwenda mrama, halafu kusimama. Ikifika milimoli 6.5 kwa lita ni dharura.

Pili, ushahidi. Karatasi ya kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huutoa) iliyopimwa baada ya kikao si ushuhuda wa kupona, ni kazi ya chujio la mashine. Damu ichukuliwe kabla ya mashine kuanza. Hata ikiwa chini hapo, angalia kama mgonjwa amekonda, kwa sababu kreatinini hutoka kwenye misuli, na misuli ikiisha nayo inapungua. Kipimo chenye maana ni mkojo: ukusanywe wote kati ya kikao na kikao, upimwe kiasi chake pamoja na urea na kreatinini iliyomo, ulinganishwe na damu. Mkojo mwingi wenye uchafu kidogo ndani yake ni maji tu.

Tatu, kuna ambao figo zao huamka kweli, na tuliseme. Mtu aliyeingia mashine kwa sababu ya kuharisha sana, maambukizi makali, kuvuja damu wakati wa uzazi au dawa yenye sumu anaweza kupata figo zake, hasa ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo sababu mkojo wake hufuatiliwa kwa karibu. Ila ambaye ultrasaundi inaonyesha figo zote mbili zimesinyaa kwa kisukari au presha ya miaka, mlango huo umefungwa, na tumaini lake la kitabibu ni kupandikizwa.

Kwa hiyo kwa anayeamini ameponywa, jibu langu ni moja: tuthibitishe ukiwa bado kwenye ratiba. Uponyaji wa kweli hautaharibiwa na vikao viwili zaidi, na vipimo vikionyesha figo zinafanya kazi, mimi mwenyewe nitapunguza vikao hatua kwa hatua. Kiongozi wa dini akitamka hivyo hadharani anaokoa watu wengi kuliko mabango yetu.

---

#11 Kaka_Mizani

Hapo nimekuelewa, daktari. Hilo la kupima kabla ya mashine sikulijua, na nadhani wengi hawalijui.

---

#12 Binti_Uradi

Nina jingine. Mgonjwa amenyamaza, hali chakula vizuri, analala hovyo, sala aliyoipenda ameiacha. Tutajuaje ni uchovu wa mashine, ni imani imeyumba, au ni sonona?

---

#13 Mchunga_Nafsi

Dada, hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu uchafu wa damu wenyewe hunyima usingizi na hamu ya kula. Usiangalie mwili peke yake. Uliza mambo mawili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi amejisikia mnyonge, mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Kila swali lina alama 0 kwa "hapana kabisa" hadi 3 kwa "karibu kila siku". Jumla ya 3 au zaidi inahitaji uchunguzi kamili wa sonona. Sonona ina tiba ya mazungumzo na ya dawa, na mazungumzo yanaweza kufanyika hata kwenye kiti wakati mashine inafanya kazi. Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake na usiahidi kuficha.

Kwa upande wa roho, maswali manne ya daktari Christina Puchalski, aliyoyatunga mwaka 1996, yanafaa hata kwa asiye na dini. Nayaweka kwa maneno ya kawaida: Ni nini kinakupa nguvu au maana, imani au kitu kingine? Kina uzito gani katika namna unavyoupokea ugonjwa huu? Una watu gani wa kukushika katika hilo? Na ungependa sisi tulishughulikieje? La nne ndilo husahaulika, nalo ndilo lenye kazi ndani yake. Majibu huwa madogo na yanayowezekana: zamu isiyogongana na ibada ya juma, mtu wa kumsomea wakati macho yamechoka, au asiombewe kwa sauti mbele ya watu. Hilo la mwisho lisikieni: kiti cha mashine kina mgonjwa asiyeweza kuondoka. Omba ruhusa kabla ya kumwombea, na akikataa usiulize sababu.

Kuacha sala pia si lazima iwe kuacha imani. Akili iliyochoka haiwezi sala ndefu. Mpe fupi, ya pumzi moja: avute hewa kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita akiwa na neno lake moja. Inafaa sana wakati wa kuchomwa: sindano iingie wakati anatoa hewa, mkono unakuwa umelegea. Anayeogopa sana aombe ganzi ya kupaka, iwekwe kwa muda ulioandikwa kwenye dawa yenyewe, mara nyingi saa nzima kabla.

---

#14 Fundi_wa_Chujio

Kuhusu uchovu, kuna swali moja linalosaidia: "Ukitoka mashine, inakuchukua muda gani kurudi hali yako?" Mwingine atasema saa mbili, mwingine hadi kesho yake asubuhi. Muda huo ukizidi saa 12, tusimwambie avumilie. Tunaangalia kasi ya kutoa maji, uzito mkavu kama umewekwa chini mno, hemoglobini, dawa za presha zilizomezwa kabla ya kikao, na joto la maji ya kusafishia. Kulipunguza hadi nyuzi 36 au 35.5 huwasaidia wengi presha isishuke. Mwambieni pia aripoti akihisi baridi.

---

#15 Msikizaji_wa_Usiku

Naomba kuuliza bila kuhukumiwa. Je, mtu akisema amechoka, hataki tena mashine, ni dhambi? Ni kujiua?

---

#16 Nefro_Tulivu

Hakuna wa kukuhukumu. Nianze na la kitabibu. Kabla ya kulipokea neno hilo kama uamuzi tunatafuta kinachoweza kutibika: sonona, maumivu, mwasho, presha inayoporomoka kila kikao, hofu ya kuwa mzigo wa gharama. Mara nyingi mtu hajaichoka dunia, amechoshwa na kikao kinachomtesa, na kikao kinarekebishika. Kuna pia njia ya kati: kujaribu kwa muda uliowekwa, kubadili kwenda dayalisisi ya tumboni, ambapo kwa kawaida hubadilishwa maji ya lita 2 kama mara 4 kwa siku nyumbani, au kupunguza vikao mkijua gharama yake mwilini.

Yakishughulikiwa yote na uamuzi ukabaki, asiye na mkojo kwa kawaida huishi wiki moja hadi mbili, na huduma ya kupunguza mateso, hasa kubanwa pumzi na kichefuchefu, ipangwe kabla ya siku ya mwisho ya mashine.

---

#17 Mchunga_Nafsi

Mapokeo mengi ya dini hutofautisha mtu kujiua na mtu kuacha tiba ambayo mateso yake yamezidi faida yake. Si yote, na wapo viongozi wanaotofautiana ndani ya dini moja, kwa hiyo azungumze na wake. Ila mazungumzo hayo yawe na daktari humo humo, si pembeni. Kiongozi wa dini asiyejua hali ya mgonjwa hujibu swali ambalo halikuulizwa.

Msikizaji, kama swali hili linakuhusu wewe na ni la usiku huu, mwamshe mtu wa karibu sasa, na kesho limfikie daktari wako.

---

#18 Binti_Uradi

La mwisho kutoka kwangu: safari za ibada. Hija, mikutano ya injili ya siku kadhaa, mikesha. Inawezekana?

---

#19 Fundi_wa_Chujio

Inawezekana ikipangwa. Kituo cha huko kithibitishe nafasi kwa maandishi kabla tiketi haijakatwa, anzeni miezi kadhaa mapema. Barua iwe na uzito mkavu, aina ya chujio, saa za kikao, kasi ya damu, dozi ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mahali pa kuchomea na picha ya mkono, dawa zote, na matokeo mapya ya homa ya ini B, C na VVU, kwani bila hayo vituo vingi havipokei.

Usikubali safari ikurefushie pengo. Ratiba ya mara 3 tayari ina pengo moja la siku mbili kila wiki, na mwisho wa pengo hilo ndipo vifo na kulazwa huongezeka. Sikukuu au kongamano likiangukia siku ya kikao, kihamishwe mbele, kifanyike mapema kuliko kawaida, si nyuma. Mkesha usiwekwe usiku unaofuata kikao. Kwenye joto usiongeze maji kwa makadirio: jipime asubuhi na jioni kwa mizani ile ile, kilo moja iliyopanda kwa siku ni lita moja. Dawa za kufunga fosforasi na za presha ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na kitambaa safi cha kukandamizia endapo fistula itavuja njiani. Ikivuja: bonyeza moja kwa moja pale panapotoka damu, inua mkono, usifunge kamba juu yake, na upige simu ya dharura kama haijakoma.